Mlima Unaopumua na Barabara ya Mwalimu

Niliamini kwamba Menengai inapumua. Sisemi kwa mafumbo. Niliamini kwamba ule mlima unaoutazama mji wa Nakuru kutoka juu huvuta pumzi na kuitoa kama ng'ombe aliyelala, na kwamba ukivuta, mji mzima unainuka, na ukitoa, mji unashuka. Ndiyo maana, niliambiwa, nyumba za Nakuru zina nyufa. Ndiyo maana mpimaji wa ardhi akipima ploti leo na kurudi mwaka ujao, hapati hesabu zilezile. Niliambiwa pia kwamba zamani za ukoloni kulikuwa na mpimaji Mzungu aliyepima kilima kimoja mara tatu akapata vilima vitatu, akavua viatu, akaingia ziwani, na flamingo wakampisha. Hilo la flamingo nadhani niliongeza mimi mwenyewe. Mengine niliyapokea vile yalivyokuja.

Aliyenipa habari hizo alikuwa mwenzangu wa masomo ya jioni, jamaa aliyeuza vipuri vya baiskeli mchana na kujua kila kitu jioni. Aliniambia nitazame kule juu asubuhi ya baridi, nitaona mvuke mweupe ukitoka kwenye nyufa za mawe. Nikatazama, nikaona.

"Sasa hiyo ni nini kama si pumzi?" akaniuliza.

Mtu ambaye hana jibu huwa anaamini, hasa kama amechoka na hajala.

Chuo chetu kilikuwa ghorofani, juu ya bucha. Tulisomea uchoraji wa majengo kwa kompyuta huku moshi wa nyama choma ukipanda ngazi kuja kututesa. Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo tulikaa watatu kwa moja: wa kwanza anashika mausi, wa pili anashika kibodi, wa tatu kazi yake ni kutumaini. Nilitumaini karibu muhula mzima. Nilipofika kwenye mausi hatimaye, niliishika kwa nguvu hata mwalimu akaniuliza kama nimeikamata ikiiba.

Lakini nilihitimu, bwana. Na mwaka wa 2007 nikapata kazi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la mabati na misumari. Duka lilikuwa la familia moja ya Kihindi iliyokaa Nakuru tangu babu yao. Baba alikaa chini penye pesa, na mwanawe, ambaye alikuwa mhandisi na ndiye boss wangu, alikaa juu na hesabu zake. Boss alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa amenunua programu mpya ya kuchora majengo, ile ambayo huchori mistari bali unajenga nyumba yenyewe ndani ya skrini, ukuta kwa ukuta. Hakuwa na muda wa kujifunza. Mimi nilikuwa na muda na cheti. Baada ya miezi michache nilikuwa natembea mjini kama mtu aliyeumba Bonde la Ufa.

Na kwa kweli nilikuwa naliumba, kipande kwa kipande. Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi: ardhi. Mpimaji anakuletea orodha ya pointi kutoka kwenye ploti, kila pointi na urefu wake. Unaziingiza, na programu inatandika ardhi juu yake, kama shuka juu ya watoto waliolala. Unaona matuta, unaona mabonde. Unaizungusha na kidole kimoja. Nilikuwa na ploti za Mau Narok ambazo sijawahi kukanyaga, na bado ningeweza kukuambia maji ya mvua yatapita wapi.

Shida ilikuwa barabara. Programu ile ilijua ukuta, ilijua mlango na dirisha, ilijua hata choo cha kukaa na kifuniko chake. Barabara haikuijua, na barabara ya mteremko ndiyo kabisa. Walioitengeneza nadhani waliishi mahali ambapo dunia ni tambarare. Sisi huku, ukitoka nyumbani kwenda chooni umeshapanda au kushuka. Kwa hiyo ilibidi tuidanganye. Unatandika sakafu ya kawaida, kama ya sebule, ndefu na nyembamba. Halafu unazishika pembe zake na kuzipandisha moja moja mpaka ilale kwenye mteremko. Ukimaliza, ardhi inachomoza katikati ya barabara yako kama goti kwenye suruali iliyotoboka, au barabara inaelea hewani bila chochote chini. Unarudi kwenye ardhi, unaongeza pointi pembeni, unakata hapa, unajaza pale. Kazi ya siku nzima kwa njia ya kupitisha gari moja.

Mwalimu, mama mmoja aliyetaka kujenga, alikuja kwetu katikati ya mwaka huo. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha Kabazi maisha yake yote ya kazi, na aliingia ofisini kama anaingia darasani. Hata boss alikaa wima. Alikuwa na ploti upande wa juu wa mji, chini ya mlima. Ndani ya geti tu kulikuwa na kibonde, na ndani ya kibonde hicho ndimo walimoishi, yeye na mumewe, katika nyumba ya mbao, pamoja na vyumba vichache vya mabati vya wapangaji. Baada ya kibonde, ardhi ilipanda kwa ghafla hadi mahali pazuri palipotazama ziwa. Mvua ikinyesha, maji yote yalikuja kulala sebuleni kwao. Kwa hiyo alitaka kujenga huko juu.

Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, na mwalimu ndiye aliyemsukuma.

"Nyumba chora unavyojua," aliniambia. "Mimi nimekuja kwa ajili ya barabara. Kutoka geti hadi mlangoni nataka nimsukume mwenyewe. Sitaki kuita vijana wa watu kila tukitoka kanisani."

Boss alimuuliza anaweza kusukuma mwinuko wa kiasi gani. Hakutaja hesabu yoyote. Alisema ile njia ya zege ya kanisani kwao anaiweza, na ile ya benki haiwezi, kiti kinarudi nyuma kinamgonga magoti. Basi boss akanichukua na ubao, pima maji na utepe, tukaenda kupima kanisa. Watu walidhani tumekuja kulinunua. Ile ya kanisani ikawa inapanda futi moja kwa kila futi kumi na mbili za kwenda mbele. Ya benki ilikuwa kali zaidi, na boss akatikisa kichwa, akaniambia hayo ndiyo magoti ya mwalimu, moja kwa kumi na mbili, na nisiyasahau.

Sikuyasahau. Lakini ploti ilikuwa imekataa. Ukinyoosha njia kutoka geti, inashuka kwenye kibonde halafu inapanda kama ngazi ya kuku. Mimi nikapata wazo la haraka: nikaenda kwenye pointi za kibonde, nikazipandisha zote, kibonde kikajaa. Barabara ikapita juu yake ikiwa imenyooka na laini, moja kwa kumi na mbili hadi mlangoni. Nilimwita boss kwa sauti ya mtu aliyegundua mafuta.

Boss aliinama, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hicho kibonde umekijaza na nini?"

"Udongo, boss."

"Udongo wa kumwaga unashuka. Leo barabara iko sawa, mvua mbili baadaye imekuwa bakuli, na huyo mama anasukuma mtu mgonjwa ndani ya bakuli. Ukitaka kujaza, unajaza tabaka kwa tabaka, unashindilia. Malori mangapi hayo? Toa."

Nikatoa. Nikapitisha barabara kandokando ya ua, ikizunguka kibonde kwa kona mbili, na ukuta wa mawe wa kuishikilia upande wa chini. Ilikuwa ndefu, lakini magoti ya mwalimu yalikuwa salama. Nyumba za zamani nilizifuta kwenye skrini. Zilikuwa zinanifunikia mteremko, na isitoshe zingebomolewa. Mwalimu alipokuja kuona, aliinama karibu na kioo, akatafuta.

"Mbona umeniondolea nyumba, kijana wangu? Tutalala wapi?"

Nikamwambia zile zilikuwa za kuvunjwa, kwa hiyo nimeshazivunja mapema. Alicheka. Akaniambia basi nimwambie na mzee, maana mzee anaipenda ile nyumba na maji yake yote. Siku iliyofuata alimleta. Vijana wa dukani walimbeba na kiti chake hadi juu. Nilimwonyesha barabara. Nilikuwa nimeweka ka-gari kadogo kwenye geti, nikakapandisha kona kwa kona. Mzee alizungumza polepole kwa upande mmoja wa mdomo. Aliuliza kama programu inaweza kuweka mtu anayesukuma kiti badala ya gari. Haikuwa naye. Ilikuwa na mwanamke mwenye mkoba na mwanamume mwenye koti. Nikamweka yule mwenye mkoba, na mzee akasema huyo sasa ni mwalimu, isipokuwa mwalimu hatembei polepole hivyo.

Kila kitu kilikuwa tayari kufikia mwisho wa mwaka. Mwenye mawe alisema tumalize kura kwanza. Fundi alisema tumalize kura kwanza. Mwalimu mwenyewe alisema hivyo hivyo, na boss, na mimi. Nchi nzima ilikuwa na hiyo sentensi mdomoni kama peremende. Hadi leo nikisikia mtu anasema tumalize jambo fulani kwanza, naanza kutafuta mlango.

Sitasimulia Januari, ile ya vurugu baada ya kura. Nimegundua kwamba wanaoisimulia vizuri, kwa mikono na macho, ni wale ambao hawakupoteza kitu. Mimi nilikaa kwenye chumba changu cha kupanga, nikala mahindi makavu, nikatazama moshi ukipanda pande tatu za mji. Mpimaji wetu, ambaye tulikunywa chai naye kila Jumatatu, aliondoka juu ya lori na hakurudi. Hakuna aliyeuliza sana. Kila mtu alikuwa na mtu wa namna hiyo.

Tuliambiwa mwalimu na mumewe wako hai. Nyumba ilichomwa, na vyumba vya wapangaji pia. Mzee alibebwa mgongoni na mmoja wa wapangaji hadi uwanja wa maonyesho, ambako watu waliofukuzwa walipewa mahema. Kiti cha magurudumu kilibaki ndani.

Na sasa nitasema jambo ambalo sipendi kulisema. Kuanzia Machi, biashara ilikuwa tamu. Duka la chini lilikuwa na foleni hadi barabarani. Mabati yalikwisha kabla ya lori kumaliza kuyashusha. Juu kwetu watu walikuja kutaka michoro ya majengo yaliyoungua, haraka, vilevile kama yalivyokuwa au makubwa zaidi. Nilinunua viatu vipya. Nilinenepa, jamani, katika mwaka ule, nilinenepa hadi jirani akanipongeza. Boss alikuwa hatazami watu machoni akiwapa bei. Siku moja alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kwamba babu yake aliuza mabati kwa watu waliokuwa wanajenga, na yeye anauza kwa watu waliokuwa wameshajenga.

Mwalimu alikuja tena baada ya mvua ndefu. Alikuwa amepungua, vazi lile lile la siku ya kwanza lilimwanguka mabegani. Alisema yote aliyokuwa ameweka kwa ajili ya ukuta wa mawe yamekwisha, na kwamba kuna watu wa kanisa walioahidi kumsaidia chumba kimoja na jiko, huko juu penye mtazamo. Mlango mmoja tu. Lakini njia lazima iwe ile ile. Mzee alikuwa amepata ahadi ya kiti kingine.

"Angalia kama kuna namna fupi," aliniambia. "Fupi, bila ukuta. Ila niiweze."

Vigingi vya zamani vilikuwa vimeng'olewa, kwa hiyo boss akamtuma mpimaji mpya, kijana kutoka Naivasha, mtaa wa Kihoto, mtu wa kusifu vifaa vyake. Hakuwa ameiona ploti ile kabla. Alirudi jioni akiwa na matope hadi magotini, akasema magugu yamemfikia kiunoni lakini kazi imefanyika. Akaniachia orodha ya pointi.

Niliziingiza asubuhi. Shuka likatandikwa. Nikazungusha ardhi, nikaizungusha tena, halafu nikafungua ile ya mwaka uliopita na kuziweka pamoja, ya zamani kwa kijivu na mpya kwa kijani. Huko juu zililingana kama kaptula mbili za mtoto mmoja. Kandokando ya ua zililingana. Lakini ndani ya geti, kijani kilikuwa kimepanda juu ya kijivu, karibu urefu wa mtu mfupi. Kibonde hakikuwepo.

Mpimaji wa Kihoto nilimpigia simu, akaapa kwa mama yake kwamba vipimo ni sawa. Na mimi nilijua ni sawa. Nilikuwa nimesubiri jambo hilo tangu siku za masomo ya jioni. Nilishuka ngazi, nikamwambia baba yake boss, nikawaambia vijana wa mabati, nikamwambia mama aliyekuwa anangoja misumari: mlima umevuta pumzi. Mzee wa duka aliniuliza kama nimekunywa. Nikamwonyesha kwa dirisha mvuke ulio kule juu, naye akasema anaona mawingu.

Boss alikuwa Eldama kwa kazi ya siku kadhaa. Laiti angekuwepo. Nikanyoosha barabara kutoka geti. Sakafu ndefu, nyembamba. Nikashika pembe, nikazipandisha. Haikuchomoza, haikuelea, ililala juu ya ardhi kama mkono juu ya meza. Nikapima: moja kwa kumi na mbili, na mahali pengine laini zaidi. Hakuna ukuta wala kona, hakuna hata toroli moja la udongo. Nchi ile ambayo ilikuwa imemnyang'anya mwalimu kila kitu ilikuwa imemrudishia barabara, bure. Nilifikiri hivyo kweli, kwa maneno hayo hayo, na macho yangu yakapata maji. Nikachapisha kwa rangi kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, na nikamweka yule mwanamke mwenye mkoba katikati ya barabara.

Niliipeleka mwenyewe uwanja wa maonyesho. Nilijua wako huko lakini nilikuwa sijafika. Pale ambapo watoto wa shule huletwa kutazama ng'ombe wa maziwa waliooshwa, mahema meupe yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, na matope katikati. Nilimuulizia mwalimu, nikaelekezwa mara moja. Alikuwa ameanzisha darasa nyuma ya hema lake, watoto wamekaa juu ya madebe. Aliwapa hesabu ya kufanya, akanikaribisha ndani.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya hema ili kisimwangushe. Alinikumbuka. Aliuliza habari ya yule mwanamke mwenye mkoba, kama ameolewa.

Nikaifungua karatasi juu ya kitanda. Nilieleza kama wakili. Hii ni ya mwaka jana, kijivu. Hii ni ya sasa, kijani. Mnaona hapa ndani ya geti? Ardhi imepanda. Nikawaeleza habari ya Menengai, jinsi inavyovuta pumzi, na Mzungu wa vilima vitatu, nikaacha flamingo kwa heshima. Nikasema wengine imewavunjia kuta, lakini kwao imewatengenezea njia. Mwalimu, hapa unamsukuma kwa mkono mmoja. Ni ile ya kanisani, ni laini hata kuliko ya kanisani.

Waliinama wote wawili juu ya karatasi. Nilidhani ni furaha. Nje mtoto mmoja alikuwa anamnong'oneza mwenzake jibu.

Mzee alinyoosha ule mkono wake unaofanya kazi, akauweka juu ya karatasi, pale kwenye kijani, ndani ya geti. Akauacha hapo. Mwalimu alimtazama, halafu akanitazama mimi, na akazungumza kwa ile sauti ya kumsahihisha mtoto ambaye amejitahidi.

"Ardhi haikupanda, kijana wangu. Hapo ndipo tulipokuwa tunaishi, sisi na wapangaji. Ilipoungua, tingatinga la kufungua barabara zilizozibwa lilikuja likasukuma kila kitu ndani ya kibonde, likamwaga udongo juu. Hiyo uliyopima ni nyumba yetu."